Tumbo Moja, Visingizio Vitatu

Bi Mvuke hakuwa na malaria. Hakuwa na presha. Wala sebule ya kaka yake haikuwa na joto siku ile wakwe walipokuja. Madirisha yalikuwa wazi na mapazia yalikuwa yakipepea kama bendera za shule. Alikuwa na tumbo. Neno lenyewe ndilo hilo, herufi tano tu, na laiti mtu mmoja katika familia ile angelitamka mapema, mambo yasingefika mahali pa binti wa watu kuambiwa akapimwe kama ng'ombe wa mnada kabla hajaolewa.

Basi na yasemwe yote, maana yaliyosemwa mitaani yametosha.

Jina la Bi Mvuke alilipata kazini. Alikuwa mpiga pasi katika duka moja la dobi, lile lenye kioo kikubwa mbele na suti zilizoning'inia ndani ya mifuko ya nailoni. Wateja waliona kioo, kaunta na feni. Yeye alikuwa nyuma, katika chumba kisicho na dirisha ila tundu moja karibu na dari, ambako boila lilikoroma mchana kutwa na mipira ya mvuke ilishuka kutoka juu kama nyoka waliolala. Pasi ya mvuke ni nzito, na anayeishika siku nzima hupata mkono mmoja mnene kuliko mwenzake. Shati alilianzia kwenye kola, kutoka ncha kwenda katikati, kwa sababu ukianzia katikati unaisukuma mikunjo hadi kwenye ncha, na huko inakaa kama mpangaji mbishi. Kisha mabega, kisha mikono, na mgongo mwishoni. Hakuna shati lililotoka mezani kwake likarudishwa.

Mara mbili mwenye duka alitaka kumhamishia kaunta, na mara mbili alikataa. Mwenye duka alidhani ni unyenyekevu. Mwenzake wa meza ya pili, mwanamume mnene waliyemwita Kola kwa sababu kola yake mwenyewe haikuwahi kunyooka, alidhani ni ujinga.

"Dada, huko mbele kuna feni," Kola alimwambia. "Kuna kiti. Kuna watu wanaonukia."

"Nikikaa kwenye kiti nitasinzia."

"Si usinzie. Mbona wenzako wanalipwa kwa kusinzia?"

Hakumweleza. Ukweli ni kwamba chumba kile kilikuwa maficho yake. Mle ndani kila mtu alilowa. Kola alilowa mpaka mkanda wa suruali, na hakuna aliyemuuliza anaumwa nini. Jasho la Bi Mvuke lilipotea ndani ya jasho la wote kama tone ndani ya ndoo. Kwenye kaunta, chini ya feni, lingesimama peke yake usoni kama shahidi.

Maana jasho lenyewe halikuwa la pasi. Lilianzia tumboni. Siku zilizo njema lilikuwa tumbo kama la mtu yeyote, halina habari naye. Siku mbaya lilijaa, likawa gumu, kisha likaanza kukaza na kulegea kama shuka inayokamuliwa na watu wawili. Hapo ndipo joto lilipanda. Aliliona likija: kitovuni, kifuani, shingoni, masikioni, kana kwamba mtu amefungua mlango wa boila ndani yake. Jasho lilitokeza juu ya mdomo, likafuata kwenye paji, likateremka mgongoni. Baadaye baridi, vidole vikatetemeka, na choo kikawa si jambo la kuchagua. Akishatoka huko, mwili ulitulia polepole, akabaki kachoka na kahema, na hasira juu yake. Tangu lini mtu mzima anatawaliwa na utumbo?

Hakukaa nalo kijinga. Alikwenda hospitali, akapimwa, akarudi akapimwa tena. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo aliyesema taratibu huku akimtazama machoni, si kwenye karatasi.

"Nimechunguza damu, choo, na tezi ya shingo," daktari alisema. "Nimefikiria umri wako pia, maana hedhi inapokoma wanawake wengi hupandwa na joto. Lakini lako haliji ovyo. Linakuja na tumbo na linaondoka na tumbo."

"Kwa hiyo ni nini?"

"Utumbo wako hauna kidonda wala uvimbe. Ila ni mwepesi wa hasira. Chakula kisichoupendeza, wasiwasi, usingizi mbaya, basi unachafukwa."

"Na jasho je? Tumbo liko huku, jasho liko huku." Alijigusa paji.

"Mishipa inayoendesha tumbo na ile inayoendesha jasho na moyo ni ndugu. Maumivu yakikubana, mwili unadhani umefukuzwa na mbwa. Unatoa jasho la kukimbia ilhali umekaa kitini. Ugonjwa huu hauambukizi mtu. Kuishi nao utaishi, tukijua kinachouchokoza. Lakini ukiona damu chooni, au unakonda bila sababu, au jasho linakulowesha usiku ukiwa usingizini, usikae nyumbani. Hilo litakuwa jingine, uje upesi."

Alitoka pale amepata dawa ya kulegeza msokoto, na kitu bora kuliko dawa: jina la adui. Akaenda moja kwa moja kwa kaka yake mkubwa, maana mumewe alikwishafariki na kaka ndiye aliyesimama mahali pa baba.

Kaka huyo watu walimwita Mheshimiwa. Alikuwa karani mstaafu wa mahakama, yule anayesema "Simameni" na watu wakasimama, na hata nyumbani hakuwahi kuacha kusema hivyo kwa sauti. Alimsikiliza dada yake mpaka alipofika kwenye neno lenyewe.

"Ni utumbo, kaka. Ukinishika natoka jasho, kisha inabidi niende choo—"

"Basi, basi. Inatosha."

"Sijamaliza."

"Umemaliza. Baba alitufundisha nini? Ya chooni hubaki chooni. Mtu akikuuliza, sema umechoka. Uchovu hauna aibu."

Ni kweli marehemu baba yao aliwalea hivyo. Ilikuwa nyumba ya watu waliosoma, waliopiga viatu rangi kila jioni, ambamo mtoto hakuruhusiwa kusema "naumwa tumbo" mbele ya mgeni. Alifundishwa kusema "sijisikii vizuri" na kuondoka kwa adabu. Adabu ni kitu kizuri. Lakini adabu ikimziba mgonjwa mdomo, si adabu tena, ni gundi.

Basi akafunga mdomo, na mvuke ukamsitiri. Hivyo mambo yakaenda hadi binti yake alipopata mchumba.

Kijana mwenyewe hakuwa na kasoro. Alikuwa fundi umeme, mpole, mtu wa kuuliza mara mbili kabla ya kukata waya. Kasoro, kama ni kasoro, ilikuwa mama yake. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu na jina hilo halikustaafu naye; hata mumewe, mzee mnyamavu aliyependa kutazama miguu yake, alimwita Mwalimu Mkuu. Walikuja siku ya mapumziko kujuana na familia ya binti, wakapokelewa nyumbani kwa Mheshimiwa, kwa sababu kule kulikuwa na makochi.

Bi Mvuke alikuwa hajalala. Tangu asubuhi tumbo lilikuwa likimwonya, na alikunywa chai nyepesi tu ili lisipate sababu. Wifi yake, mke wa Mheshimiwa, alimkalisha kwenye kochi la heshima, kule mwisho, chini ya picha ya marehemu baba. Lilikuwa kochi zuri. Ubaya wake ni kwamba kutoka pale mpaka chooni ilibidi mtu apite katikati ya wageni wote, awaombe waondoe magoti.

Mheshimiwa alikuwa bado kwenye hotuba ya kukaribisha msokoto ulipoanza. Bi Mvuke alitabasamu. Joto likapanda kitovuni, kifuani, shingoni. Alihisi kola ya gauni lake, kola aliyoipiga pasi mwenyewe, ikilegea na kunata. Tone likadondoka kutoka kidevuni likaanguka juu ya mkoba wake, na katika ule ukimya wa heshima alihisi kama kila mtu amelisikia. Akainuka. Akaomba magoti. Choo kilikuwa nyuma ya ukuta mwembamba, na wifi yake, kwa nia njema kabisa, alifungua redio kwa sauti kubwa. Ikawa wageni wamekaa wanasikiliza matangazo ya saruji.

Alirudi, akaomba magoti. Kabla chai haijapoa akainuka tena.

Sasa angalia jinsi jina jema linavyolindwa na watu wasioambiana. Alipokuwa chooni mara ya kwanza, Mheshimiwa aliegemea kwa Mwalimu Mkuu akamnong'oneza, "Malaria. Imemshika tangu juzi, lakini amekataa kulala kwa ajili yenu." Alipokuwa chooni mara ya pili, Mwalimu Mkuu alikwenda jikoni kusaidia vikombe, na wifi akamwambia bila kuulizwa, "Ni presha tu, mama. Ikipanda anatoka jasho hivyo, msijali." Na mwenyewe aliporudi, uso umeoshwa, Mwalimu Mkuu alimuuliza mbele ya wote, "Mkwe, unajisikiaje?"

"Salama," Bi Mvuke alijibu. "Ni hili joto tu la chumba."

Mwalimu Mkuu alikuwa amevaa sweta. Alikuwa amefunga vifungo vyote.

Aliitazama picha ya marehemu kwa muda, akamtazama Mheshimiwa, akatazama mlango wa jikoni. Mtu aliyetumia maisha yake kuwahoji watoto waliovunja vioo hahitaji kelele. Waswahili husema penye wengi hapaharibiki neno. Siku ile wengi walikuwepo, na neno liliharibika mikononi mwao wakiliona.

Majibu yalikuja wiki iliyofuata. Binti aliyaleta mwenyewe dobini, saa ya mvuke mkali, akasimama mlangoni mwa chumba cha nyuma na macho mekundu.

"Mama, wamesimamisha."

Bi Mvuke aliweka pasi kwenye kibao chake cha chuma. "Wamesimamisha nini?"

"Harusi. Mama yake kijana amemtuma aniambie familia yetu inaficha ugonjwa. Amesema kama mama mtu ana maradhi matatu kwa siku moja, basi la nne ndilo lenyewe. Anataka nikapimwe kila kitu kabla hawajaendelea. Mimi."

"Na yeye kijana anasemaje?"

"Amegombana na mama yake. Amelala kwa rafiki yake. Lakini, mama, nami sijui nimjibu nini. Siku zote unaniambia umechoka. Unaumwa nini?"

Hapo ndipo hasira ilipomshika Bi Mvuke, na haikuwa ya kupiga kelele. Ilikuwa hasira ya chuma kilichokaa motoni bila kubadilika rangi, mpaka mtu akiguse. Mtoto aliyemzaa, aliyelala naye chumba kimoja, hakujua mama yake anaumwa nini. Gundi ilikuwa imefika hadi huko.

Kola alijifanya anakunja suruali. Alishindwa. "Dada, nisamehe kuingilia," alisema. "Huko nje wanasema mengi. Wapo wanaosema unakunywa. Wapo wanaosema ile dawa unayomeza mchana ni ya kitu kingine. Jana mteja mmoja ameuliza kama mashati yake yanapigwa pasi na yule anayeumwa."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia yake nayapiga mimi, ndiyo maana yamekunjamana."

Kwa kawaida angecheka. Alivua aproni, akamwambia Kola amsaidie meza, akaelekea kwa kaka yake na binti akimfuata nyuma.

Alikuta kikao kimekwishaanza bila yeye. Mheshimiwa alikuwa kwenye kiti chake, wifi kwenye mkeka akichambua mchele, na ajenda ilikuwa moja: familia iseme ugonjwa gani.

"Kosa letu lilikuwa kutofautiana," Mheshimiwa alieleza, kana kwamba anasoma hukumu. "Tuchague mmoja, tushikamane nao. Naona malaria. Malaria ni ya heshima. Inampata kila mtu."

"Malaria haikai miaka," wifi alisema. "Na akitoka jasho tena kwenye harusi? Presha ni bora. Presha ni ya watu wenye majukumu. Hata waziri anaumwa presha."

"Presha inarithiwa. Watamkataa binti kwa hiyo hiyo."

"Basi sema joto la mwili. Kuna watu wana joto la mwili."

"Hilo si ugonjwa, hilo ni kisingizio."

"Na malaria ni nini?"

Bi Mvuke aliwasikiliza akiwa bado amesimama. Walikuwa wakimchagulia ugonjwa kama watu wanaomchagulia gauni la kwenda nalo, huyu anasema la bluu, yule la maua, na mwili wenyewe umesimama pale uchi. Tumbo likajibu kabla yake. Likakaza. Joto likapanda njia yake ileile, na jasho likatokeza juu ya mdomo.

"Nitazameni," alisema.

Wifi akaacha mchele.

"Nitazameni vizuri. Huu ndio wenyewe. Si malaria, kaka. Hukuwahi kuniona na homa. Wifi, presha yangu imepimwa, ni nzuri kuliko yako. Ni utumbo. Unaniuma, unanitoa jasho, unanipeleka chooni, na sasa hivi unanipeleka. Mwanangu, na wewe sikia, maana ni mimi niliyepaswa kukwambia na sikukwambia."

"Shusha sauti," Mheshimiwa alisema. "Kuna majirani."

"Majirani wanasema mimi mlevi. Unawalinda na nini?"

Alikwenda, akarudi. Redio haikufunguliwa, binti alikuwa amesimama mbele yake. Alipokaa alisema kwamba atakwenda kwa Mwalimu Mkuu mwenyewe, na atalisema neno.

"Ukilisema neno hilo nyumbani kwa watu," kaka yake alisema taratibu, "usinihesabu katika ndugu zako."

"Nitakuhesabu, kaka. Katika waliosema uongo wewe ndiye wa kwanza, na mimi wa tatu. Siwezi kuhesabu nikakuruka."

Nyumba ya Mwalimu Mkuu ilikuwa nadhifu kwa namna ya kumfanya mgeni afute viatu mara mbili. Kabati la vioo, vitabu vimepangwa kwa urefu, saa ya ukutani isiyosamehe. Mumewe alisalimia, akaitazama miguu yake, akaona heri kwenda kumwagilia maua. Wanawake wawili wakabaki wanatazamana.

"Nimekuja na jibu," Bi Mvuke alisema.

"Lipi kati ya yale matatu?"

Alilistahili hilo, na kwa kuwa alilistahili liliuma zaidi. Akafungua mdomo aanze. Na tumbo, ambalo halijawahi kujua adabu, likachagua saa hiyohiyo. Alihisi lile joto kitovuni. Kwa miaka yote hiyo mwili wake ulijua la kufanya: tabasamu, tafuta mlango, sema chumba kina joto. Tone la kwanza liliteremka shavuni. Hakulifuta.

"Mwalimu, unaliona jasho hili," alisema. "Litazidi. Nina ugonjwa wa utumbo, ukinishika mwili wote unawaka kama hivi. Sasa naomba unionyeshe choo. Nitakwenda, na nitarudi nimalize maneno yangu, na wewe utanisubiri."

Mwalimu Mkuu alinyoosha kidole kwenye korido. Pengine ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu kumwambia atasubiri.

Alikaa chooni akisikiliza saa ya ukutani. Hapakuwa na redio. Kila sauti ilikuwa sauti. Aliona haya, ndiyo, haya haziondoki kwa siku moja, lakini chini ya haya kulikuwa na kitu kigumu cha kukanyagia. Alinawa uso, akajitazama kwenye kioo, mwekundu wa macho na nywele zimeshikana kwenye paji, akasema moyoni: huyu ndiye atakayemaliza sentensi.

Alirudi, akakaa, akaimaliza. Alisema yote ya daktari: vipimo, mishipa iliyo ndugu, mwili unaodhani umefukuzwa na mbwa. Alisema ya baba yake na nyumba ya viatu vya kung'aa. Hakumsingizia kaka wala wifi, alisema "sisi".

"Kwa nini hukusema siku ile?" Mwalimu Mkuu aliuliza. "Nilikuuliza. Nilikuuliza kwa mdomo wangu."

"Uliniuliza mbele ya watu wote. Nani anajibu hilo mbele ya watu wote?"

"Wanafunzi wangu walikuwa wakiniambia hivyohivyo."

"Basi walikuwa wakikufundisha, nawe hukusikia."

Saa ilitikisa mshale wake. Nje mzee alikuwa amekwisha kumwagilia maua na sasa alikuwa anamwagilia ukuta.

"Tena nina langu," Bi Mvuke aliendelea, na hapo sauti ikapata makali. "Aliyetoka jasho ni mimi. Aliyeambiwa akapimwe ni mwanangu. Ulipotuona tunadanganya ungekuja kwangu, ungenikalisha, ungeniita mwongo usoni. Ningekubali. Badala yake umempiga mtoto ili mama alie. Mtaani wanamtazama kama nyama iliyolala. Hilo si ulinzi wa mwanao. Hilo ni ukatili uliovaa sweta."

Mwalimu Mkuu aligusa kifungo chake cha juu. "Kipimo sikitaki tena," alisema.

"Usiniambie mimi. Umwambie yeye, kwa mdomo wako. Na useme samahani."

"Nitamtuma kijana."

"Kwenye kumtukana ulimtuma kijana. Kwenye samahani utakwenda mwenyewe."

Aliaga, akatoka bila kunywa maji. Njiani hakujua kama ameokoa harusi au ameizika. Kaka yake alipoelezwa yaliyopita, alisema neno moja, "Ametuvua nguo," akalala mchana.

Siku zilipita bila habari. Kisha mchana mmoja, binti alipokuwa amekuja dobini na chakula cha mama yake, mlango wa chumba cha nyuma ulifunguliwa, na katikati ya mvuke akasimama Mwalimu Mkuu, suti ya mumewe mkononi na sweta mwilini.

"Huko mbele wameniambia nisubiri," alisema. "Nimekataa. Nina maneno na huyu binti."

Kola akazima pasi yake. Si kwa adabu, alitaka kusikia.

Mwalimu Mkuu aliyasema. Hayakuwa mengi wala matamu, na yalimtoka kama mtu anayeng'oa misumari kwenye ubao wake mwenyewe: kwamba alikosea, kwamba kipimo hakikuwa haki yake kudai, kwamba anaomba radhi. Binti alimtazama kwa muda mrefu kuliko ilivyo heshima kumtazama mkwe.

"Nimekusikia, mama," alisema. "Sijasahau, lakini nimekusikia."

Lilikuwa jibu zuri. Mama yake aliinama juu ya meza ili uso usionekane.

Wakati huo boila lilikuwa linakoroma. Mwalimu Mkuu alifuta paji. Akafuta tena. Jasho lilikuwa limemteremka hadi shingoni, kwenye kile kifungo cha juu, na alihema kama aliyepanda ngazi. "Chumba hiki kina joto," alisema.

"Hiki ndicho chenye joto, mkwe," Bi Mvuke alijibu. "Vua sweta."

Akalivua.

Harusi ilifungwa. Bi Mvuke aliipiga pasi nguo ya binti yake mwenyewe, kitambaa cha taulo amejifunga kwenye paji, na hakuna tone lililoigusa. Sherehe ilipofika alikataa kochi la heshima. Alichagua kiti karibu na mlango, njia iko wazi, hakuna magoti ya kuomba. Wifi yake alimletea mwenyewe maji, akaweka redio mbali.

Mheshimiwa alikuja, kwa sababu asiyekuja angeulizwa, na alikaa meza moja naye bila kumtazama. Hotuba zilikuwa ndefu. Katikati ya mojawapo Bi Mvuke aliinuka, uso unang'aa kwa jasho, akatoka bila haraka. Aliporudi alimsikia jamaa mmoja wa upande wa pili, mtu asiyejua lolote, akimuuliza kaka yake kwa wema kama dada ni mzima.

Mheshimiwa alisafisha koo. Mtu angeweza kuona neno likimjia, likafika hadi nyuma ya meno, na meno yakafungwa.

"Amekwenda kupunga upepo kidogo," alisema.

Bi Mvuke akavuta kiti chake, akakaa, akakunjua leso mapajani.

"Nilikwenda chooni, kaka," alisema. "Tumbo. Nipitishie maji."

Yule jamaa akasema pole. Mheshimiwa alitazama meza. Kisha akampitishia.